Mama Yangu Dobi na Viroboto wa Karani

Mama yangu alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuwahi kumshika mgonjwa mkono wala kumpa mtu kidonge, lakini hakuna aliyelazwa pale asilale juu ya kazi yake. Alistaafu na magoti mabovu, pamoja na dharau kubwa kwa wanawake wanaokung'uta shuka ndani ya nyumba. "Shuka chafu halikung'utwi," alikuwa akituambia tangu tukiwa wadogo. "Unalikunja, uchafu ndani, unalibeba kama mtoto mgonjwa mpaka kwenye maji ya moto. Ukilikung'uta unawagawia watu ugonjwa bure."

Baba alipofariki, Mama alibaki peke yake kwenye chumba chao cha kupanga, yeye na paka. Paka huyo ni dume mwenye mistari, na anaitwa Karani kwa sababu ukiweka karatasi yoyote mezani, iwe barua au ankara ya maji, atakuja kuikalia kama anayesubiri kupiga muhuri. Tulimbembeleza Mama aje kukaa kwetu, akakataa. Alisema mtu mzima akihamia kwa mkwe anakuwa kama kiti cha ziada: hakuna anayekifukuza, lakini kila mtu anajikwaa nacho.

Halafu akaanguka bafuni. Alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka karibu adhuhuri, goti limegeuka, sauti imekauka kwa kuita. Waliokuja kumtoa walisema hawakusikia mtu. Walimsikia paka. Alikaa mlangoni akilia mpaka mpangaji mmoja akatoka kumpiga kiatu, akaona mlango uko wazi. Tangu siku hiyo Mama hakuruhusu mtu aseme "paka tu" mbele yake.

Akaja kwetu, basi, na mikoba miwili, sanduku la bati, na Karani ndani ya kikapu. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na ua tunaoshiriki na majirani. Watoto wetu wakubwa wamekwisha kuondoka. Amebaki binti wa miaka tisa tunayemwita Sisimizi, kwa sababu ni mdogo na haachi kubeba vitu kutoka hapa kwenda pale. Alifurahi kulala chumba kimoja na bibi yake. Mume wangu alifurahi pia, na sisemi hivyo kwa kumpamba. Alimtengenezea Mama kishikio cha mbao pale chooni kabla hata sijamwambia.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Mume wangu husema ningeajiriwa ulinzi ningekamata hata kivuli changu. Kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuviona vipele kwenye kifundo cha mguu cha Sisimizi: vitatu, vyekundu, vimepangana kama vifungo. Nikasema mbu. Baada ya siku mbili vikawa kumi na moja, nikasema kunguni. Nilifungua kitanda chake kipande kwa kipande, nikachungulia kila tundu la msumari, sikuona kitu. Usiku nilikuwa namsikia akijikuna usingizini, na mimi nalala macho wazi nikihesabu.

Mama ndiye aliyetupa jibu, na alitupa kwa uchungu. Asubuhi moja alikuwa anatandua shuka la mjukuu wake akaona chembe nyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Mimi ningezifuta. Yeye aliziokota kwa ncha ya kidole, akaziweka kwenye kitambaa cheupe kilicholoa, akangoja. Zile chembe zikaanza kutoa rangi, kila moja na kiduara chake chekundu cha kutu.

"Hii si taka," alisema. "Hii ni damu iliyokwisha kuliwa. Ni mavi ya kiroboto."

Tukamgeukia Karani, aliyekuwa dirishani anajikuna shingo kwa mguu wa nyuma, anajikuna mpaka dirisha linagonga.

"Kwangu hakukuwa na viroboto," Mama alisema haraka. "Wametoka hapa kwenu."

Mimi nilijua wa kumpa lawama. Jirani wa mlango wa pili, ambaye ua mzima humwita Mama Redio kwa sababu huanza alfajiri na hana kitufe cha kuzimia, ana mbwa wa kahawia anayepita mlangoni kwetu kila siku. Nikamfuata bombani.

"Mama Redio, samahani. Mbwa wako ana viroboto."

"Mbwa wangu?" Aliweka ndoo chini, na ukimwona Mama Redio anaweka ndoo chini ujue una kazi. "Mbwa wangu analala nje, anaogeshwa kila Jumamosi, anaoga kuliko watu fulani humu uani, sitaji mtu. Paka wenu ndiye anayelala kitandani kama bwana harusi. Kikulacho ki nguoni mwako, jirani. Usije kukitafuta kwenye nguo zangu, nguo zenyewe ninazo chache."

Waliokuwa kwenye foleni ya maji wakacheka. Nilirudi ndani na ndoo tupu.

Labda tungeendelea hivyo, tunajikuna na kulaumiana, kama si yaliyotokea kazini kwa mume wangu. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, upande wa kukanda unga, na huko wanavaa ovaroli nyeupe mpaka kofia. Siku hiyo msimamizi alikuwa anaongea naye, mara akanyamaza, akaangalia mkono wa mume wangu. Juu ya kitambaa cheupe kulikuwa na kitu cheusi, kidogo kama nukta. Msimamizi akanyoosha kidole. Nukta ikaruka.

Alirudishwa nyumbani saa nne asubuhi mbele ya wenzake wote, baada ya miaka kumi na minne. Aliingia akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Nilimwekea chai ikapoa.

"Wameniambia kesho nirudi nimefua kila kitu," alisema. "Nikionekana na mwingine, nisirudi." Halafu akashusha sauti, maana chumba cha Mama kimetengwa na pazia na mlango usiofunga vizuri. "Mama ni mama yangu pia. Atakaa hapa mpaka Mungu apende. Lakini paka huyo... Nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Nikimwona kiroboto hata mmoja humu ndani, paka aondoke."

Tulikuwa tarehe tatu.

Jioni, tukiwa mezani, Mama alikunywa chai yake yote, akageuza kikombe, akasema kwa adabu kabisa: "Baba Sisimizi, nimekusikia na una haki. Mkate ni chakula cha watu. Ila mimi na Karani tulikuja pamoja. Akiondoka, nami nitarudi kule chumbani kwangu. Bado hakijapata mpangaji, nimeulizia."

"Mama, sikusema wewe uondoke."

"Najua hukusema, mwanangu. Ndiyo maana nasema mimi."

Kule ndiko alikoanguka. Mlango wa bafu bado una kizingiti kile kile. Nilimwangalia mume wangu, akaangalia meza. Usiku ule nilimwona Mama tena sakafuni, kila nikifumba macho.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji wa pale tunamwita Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe, ingawa mwenyewe hukataa. Nilichukua chupa iliyokuwa na picha kubwa ya mbwa na maneno ya kutisha, maana nilitaka kali kuliko zote. Aliniuliza mnyama gani. Nikasema paka. Akanyoosha mkono akaninyang'anya ile chupa kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Hii ni ya mbwa. Ukimpaka paka atatetemeka mpaka afe. Kila mwezi naletewa mmoja hapa, mtu analia, ananiambia 'nilidhani ni ile ile'. Si ile ile, mama." Akatoa kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. "Hii ya paka. Inadondoshwa nyuma ya shingo, juu ya ngozi, pale ambapo ulimi haufiki. Mara moja kwa mwezi. Ana uzito gani?"

"Sijui. Uzito wa paka."

"Nenda ukamlete apimwe."

Nilirudi naye kwenye kikapu, na Mama akang'ang'ania kuja, akitembea kwa fimbo na kupumzika kila nguzo ya umeme. Kabla Daktari hajaufikia mzani wa chakula cha kuku, Mama alimtoa Karani, akampima kwa mikono miwili, juu chini, mara moja.

"Kilo nne na robo," alisema.

Daktari akatabasamu kwa huruma, akamweka paka kwenye mzani. Mshale ukasimama kwenye nne, ukasogea kidogo, ukatulia kwenye robo.

"Bibi!"

"Nimebeba mafurushi ya nguo mbichi miaka thelathini na mmoja," Mama alisema. "Furushi likipita kilo ishirini lilikuwa linakuvunja mgongo. Utajifunza kukisia tu."

Daktari alimheshimu tangu hapo, akaacha kuongea na mimi akaongea naye. Alimweleza kwamba viroboto unaowaona mwilini mwa paka ni wachache, wengi wako nyumbani. Mayai hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka. Yanaangua vibuu, vibuu vinajificha penye giza na vumbi, halafu vinajifunga kwenye vifuko kama vya hariri, na humo hakuna dawa inayopenya. "Kwa hiyo ukimtibu paka peke yake, umekausha sakafu bomba linavuja. Tafuta anapolala sana. Mayai mengi yako hapo. Analala wapi?"

"Kila mahali," nilisema mimi.

Mama alikuwa anafunga kikapu. Alikifunga muda mrefu.

Sasa niwaambie kuhusu siku zilizofuata, ingawa nikizikumbuka mgongo unauma. Karani alidondoshewa dawa yake. Kila siku ya tatu nilichemsha mashuka, foronya, vitambaa vya viti na mapazia. Magodoro niliyaburuta mpaka juani nikayageuza kama mikate. Zulia la sebuleni nililitoa nje, nikalipiga kwa fimbo mpaka Mama Redio akafunga dirisha lake kwa kishindo. Nyufa zote za sakafu nilizimwagia maji yanayochemka, kisha nikafagia kila pembe, chini ya kochi, nyuma ya kabati, kando ya ukuta, na taka sikuzitupa jaani kwa sababu zingerudi zenyewe kwa miguu. Nilizimwaga kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mume wangu alikuwa anabadilisha nguo nje barazani kila asubuhi na kuzikagua penye mwanga kama mtu anayekagua noti bandia.

Mama alikuwa na zamu ya kitana. Kila jioni alimpakata Karani, beseni jeupe la maji ya sabuni ubavuni, akampitisha kitana chenye meno ya karibu karibu kuanzia masikioni mpaka mkiani. Kila alichokamata alikizamisha. Sisimizi alikuwa mhesabu.

"Ishirini na tatu, Bibi!"

"Andika."

Baada ya siku nne wakawa tisa. Siku ya nane, wawili. Siku ya kumi hakupatikana hata mmoja, na mume wangu aliimba bafuni. Nilianza kulala tena, saa tatu tatu, lakini nililala.

Siku ya kumi na mbili nilimkagua Sisimizi kabla hajaenda shule. Nyuma ya goti kulikuwa na vipele vipya vitano.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na mguu wa mtoto mkononi. Sikulia. Nilikuwa nimechoka mno hata kulia kungekuwa kazi nyingine.

"Mama, nichelewe?" mtoto aliuliza.

"Nenda, mwanangu. Soksi uvute juu."

Mama alikuwa na miadi ya goti lake asubuhi hiyo, na mume wangu alimpeleka akienda kazini. Nilibaki peke yangu. Daktari alikuwa amenifundisha jambo moja: vaa soksi nyeupe mpaka magotini, tembea chumba polepole, halafu jiangalie. Nikavaa soksi za shule za Sisimizi zilizonikaba. Nikatembea sebuleni, hakuna. Chumbani kwetu, hakuna. Jikoni, hakuna. Nikasimama mbele ya pazia la chumba cha Mama na Sisimizi.

Lazima niseme kwamba katika siku zote zile za kuchemsha na kupiga, chumba kile sikukigusa. Mume wangu hawezi kukanyaga chumba cha mama mkwe wake, hilo linajulikana. Mimi nami, kila nilipochukua fagio kuelekea huko, Mama alinipokea mlangoni: "Lete, hiki nitafanya mwenyewe. Bado nina mikono." Nani angemwambia dobi wa miaka thelathini na mmoja kwamba hamwamini kwenye usafi? Alinitolea mashuka yake yamekunjwa, uchafu ndani, na mimi nikayachemsha bila kuuliza lingine.

Niliingia. Nilitembea hatua sita kwenda, sita kurudi. Kwenye soksi ya kushoto walikuwa saba.

Sakafu ilikuwa safi. Chini ya godoro palikuwa safi. Nikavuta sanduku la bati lililokuwa kati ya kitanda na ukuta, na nyuma yake, kwenye kijinafasi cha giza kinachomtosha paka tu, nikaliona koti la Baba.

Lilikuwa lile la sufu alilokuwa akivaa kwenye ulinzi wa ghala, la kijivu, vifungo vikubwa. Lilikuwa limekunjwa vizuri kama kiota, na katikati pamefanyika shimo la umbo la Karani. Kulikuwa na manyoya juu yake kama ukungu. Nikainua mkunjo mmoja. Ndani kulikuwa na chembe nyeupe kama chumvi, nyingi, na nyuzi ndogo sana zilizokuwa zinajinyonganyonga zikikimbia mwanga.

Maji yalikuwa yanachemka jikoni. Nililikunja lile koti kama nilivyofundishwa, nikalibeba mpaka kizingitini mwa jiko. Hapo likanifika puani, chini ya harufu ya paka: tumbaku, mafuta ya taa ya ile kandili aliyokuwa akizunguka nayo. Baba kabisa. Miaka minne sikuwa nimeisikia. Nikasimama pale mpaka mikono ikaanza kuniwasha, halafu nikalirudisha nyuma ya sanduku. Sikuwa na haki ya kulifanyia hivyo bila yeye kujua.

Aliporudi nilimwacha akae kwanza.

"Mama. Koti la Baba."

Aliegemeza fimbo yake ukutani. Ikaanguka, hakuiokota. "Umelifua?"

"Sijalifua."

Alitoa pumzi ndefu sana. Nikakasirika, na hasira yenyewe ilinishangaza.

"Ulikuwa unajua, Mama?"

"Ningekosaje kujua? Mimi ni dobi."

"Mtoto miguu inavuja damu. Mwenzangu nusura afukuzwe kazi. Siku kumi na mbili unaniangalia nachemsha mapazia!"

"Mapazia yalikuwa machafu pia."

Nilicheka. Sikutaka, lakini kicheko kilinitoka kibaya, kama kikohozi, na yeye akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Nimefua mashuka ya waliokufa asubuhi," alisema, "na mchana yamelaliwa na mwingine. Kazi yangu ilikuwa kuondoa harufu ya mtu isijulikane alikuwapo. Niliifanya vizuri. Baba yako alipokufa nilifua shuka lake siku ile ile, mkono ulikwenda wenyewe. Jioni natafuta harufu yake chumba kizima, hakuna. Limebaki koti, lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Nikasema hili hapana." Alijifuta uso kwa kanga. "Karani akalipenda. Nilidhani paka akitibiwa, na lenyewe litapona."

"Haliponi, Mama."

"Najua. Niliona vibuu juzi. Nilikuwa najipa siku moja. Halafu nyingine."

Asubuhi iliyofuata alitaka afue mwenyewe. Nilimwekea kigoda uani na sufuria kubwa ya maji. Nilimuuliza kama tuyaache yapoe kidogo, maana hata mimi najua sufu haipendi moto.

"Maji ya vuguvugu hayaui mayai," alisema. "Yachemshe sana."

"Litasinyaa."

"Mwanangu, unamfundisha nani?"

Alilizamisha kwa kijiti cha mpingo, akaligeuza, akaligeuza tena. Maji yakawa rangi ya chai ya jana. Hakulia. Alikuwa na uso ule wa kazini, niliouona nikiwa mdogo nikimpelekea chakula, uso wa mtu anayehesabu dakika. Alipolitoa na kulikamua, mikono ya koti ilikuwa imepanda, mgongo umejikunyata, kitambaa kimekuwa kigumu kama mbao. Tulilitundika kambani. Lilifika kiunoni pangu.

Mama Redio alipita na ndoo. "Koti la nani hilo zuri? La mjukuu?"

"La mume wangu," Mama alisema.

Mama Redio aliliangalia koti, akamwangalia Mama. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie hapa alipita bila neno. Baadaye alikuja na kiti chake kizuri, chenye mgongo, akakiweka karibu na kigoda cha Mama, akaondoka.

Mama alikaa juu yake mpaka koti likakauka. "Sasa hata angerudi," aliniambia, "halimtoshi."

Nyuma ya sanduku nilifagia, nikamwaga maji ya moto, nikasugua mpaka rangi ya ukuta ikatoka. Karani tulimtandikia taulo kuukuu juu ya kitanda, la kuchemshwa kila siku ya tatu kama mashuka. Nilidhani yamekwisha. Siku tano baadaye nikavaa soksi nikakuta wanne.

Nilikimbia dukani kwa ndala tu. Daktari akasema si ajabu. Waliokuwa kwenye vifuko walikuwa bado humo, wanaweza kungoja wiki nyingi, na wanatoka wakisikia mtikisiko na joto la mtu. "Msikihame chumba. Tembeeni humo. Wakitoka watamrukia paka, na paka ana dawa. Watakufa. Lakini itachukua muda, labda mwezi mwingine. Hakuna njia ya mkato."

"Sina mwezi mwingine," nilisema.

"Viroboto hawajui tarehe, mama."

Basi ukaanza mchezo wa kutembea. Mama, na goti lake, alitembea chumbani asubuhi na jioni, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye bega la Sisimizi, aliyekuwa anapiga miguu kama askari kwenye gwaride. "Tokeni!" mtoto alikuwa akiwaamuru. "Tokeni mfe!" Wanne wakawa watatu, wakarudi wakawa watano, wakawa wawili. Kila nikipita nje ya pazia nilikuwa nahesabu siku badala ya viroboto. Mume wangu hakusema neno. Alikuwa anarudi kazini salama, anabadilisha nguo, anakula. Kutosema kwake kulinichosha kuliko kufua.

Siku ya mwisho ya mwezi iliangukia Jumapili. Asubuhi niliingia kumpelekea Mama maji, nikaona mkoba mmoja umekwisha kufungwa, uko chini ya dirisha. Kikapu cha Karani kilikuwa juu yake. Mama alikuwa amevaa viatu vya kutokea.

Baada ya chai mume wangu alisimama, akaniomba soksi nyeupe. Nilimpa zake za kuchezea mpira. Alitembea sebuleni, kisha chumbani kwetu, akajiangalia, akatikisa kichwa: hakuna. Akafika kwenye pazia, akasimama.

"Ingia, mwanangu," Mama alisema kutoka ndani. "Nguo za watu zote nimeziona. Chumba changu si siri."

Aliingia kichwa kimeinama, kama anayeingia nyumba ya watu wasiomjua. Alitembea kwenda na kurudi. Mimi nilisimama mlangoni, Sisimizi kanishika sketi. Alipomaliza aliinama, sote tukainama naye. Kwenye soksi ya kulia, karibu na kifundo, walikuwa wawili. Alimbana mmoja kwa kucha. Wa pili akaruka.

Karani aliingia kwenye kikapu chake mwenyewe, akajikunja, kwa sababu paka hupenda kikapu.

"Mkoba wa nani ule?" mume wangu aliuliza, ingawa aliujua.

"Wangu. Ulisema hata mmoja. Nimeona wawili."

"Kazini hawajaona kitu tangu siku ile."

"Ulisema mwisho wa mwezi, baba."

"Nilisema." Alikaa sakafuni kuvua soksi, akivuta taratibu kama mtu anayetafuta kitu cha kufanya. Nilimwona shingo ilivyochoka, nyuma, pale ukosi unapoishia. "Nilisema mwisho wa mwezi. Mwezi gani, sikutaja."

Mama hakutabasamu. "Mimi si mfungwa wa kuongezewa muda."

"Basi usiongezewe, Mama. Kaa tu." Alikunja soksi, moja ndani ya nyingine. "Wakija wengine nitavalia nguo hapo nje. Nimekwisha kuzoea. Wewe kule ukianguka tena, mimi nitakwenda kuukanda unga na sura gani?"

Alitoka haraka, kabla hajajibiwa, na nikamsikia anafungua bomba uani bila sababu.

Mama alikaa kitandani. Aliangalia mlango, akaangalia viatu vyake. Nilingoja aseme kitu kikubwa, na naamini hata yeye alikitafuta.

"Nivue viatu," alisema mwishowe. "Goti linaniuma tangu alfajiri."

Nilipiga magoti nikamvua. Sisimizi alianza kutoa nguo mkobani na kuzibeba moja moja mpaka kwenye rafu, na kila aliporudi Mama alimwonyesha kwa kidole wapi pa kuiweka ifuatayo. Kabla nguo hazijaisha alikuwa amesinzia, ameketi wima. Nilimwekea mto mgongoni, nikamtoa Karani kwenye kikapu, nikachukua taulo lake. Ilikuwa siku ya tatu, na maji bado sikuwa nimeyabandika.